Gundi ya Panya, Miguu ya Kaniki

Kariakoo dawa ya panya hainadiwi tena kwa koo. Machinga amejirekodi mara moja, akaning'iniza spika begani, na kuanzia asubuhi hadi magharibi sauti yake inamtangulia kwenye msongamano ikitaja mende, kunguni, viroboto, siafu na panya, mstari uleule, bila kupumua. Mkononi ana pakiti za sumu ya unga, punje za rangi ya waridi, na kadibodi zilizokunjwa katikati. Hizo kadibodi ndizo gundi. Ukiifungua unakuta utando wa manjano unaong'aa, usiokauka, na ukiiweka kando ya ukuta, panya anayepita hapo safari yake imeisha.

Tajiri wangu alizinunua kwa wingi. Wakati huo, miaka michache kabla ya moto wa Julai 2021 ulioliunguza jengo la soko kuu, nilikuwa karani katika duka lake la khanga na vitenge, si mbali na Mtaa wa Uhuru. Chumba changu cha kupanga kilikuwa katika nyumba ya Kiswahili ya zile zilizobaki, zenye baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Stoo ya tajiri ilikuwa hukohuko uani. Pande zote mbili majirani walikuwa wameshauza viwanja na maghorofa yamepanda, na kila nyumba kongwe ilipobomolewa panya wake walihamia kwa aliyebaki.

Asiyewahi kukaa na nguo za jora hawezi kuijua hasara ya panya. Hali kitenge chote. Anatafuna penye mkunjo, tundu dogo tu, lakini jora limekunjwa tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo ukilikunjua mbele ya mteja unakuta matundu yamejipanga mstari mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mlinzi wetu dhidi ya hasara hiyo alikuwa paka jike, mweusi tii, mdogo wa umbo, aliyekuja mwenyewe na kupewa jina la Kaniki na vijana wa kupakua mizigo. Hakuna aliyemnunua wala aliyemfukuza. Paka wa nyumba haingwa. Ila paka mmoja, tena anayezaa kila msimu, hawezi kumaliza panya wa mitaa mitatu, na ndipo tajiri akamsikiliza mtu wa spika.

Usiku mmoja Kaniki akakanyaga gundi. Asubuhi alikutwa chini ya rafu, miguu miwili ya mbele na mmoja wa nyuma imenasa, anahema mdomo wazi. Kijana mmoja wa kupakua alifanya alichokiona ni huruma. Aliivuta kadibodi kwa nguvu, yakabaki manyoya na ngozi kidogo. Kisha akachota petroli kwenye tangi la bodaboda akamwosha nayo. Gundi ilitoka kweli. Kaniki akamng'ata kiganjani, akapenya chini ya geti, akatoweka.

Tulipomwona tena alikuwa anatembea kwa kuinua mguu mmoja baada ya mwingine, hajui aukanyagie upi. Vidole vilikuwa vimevimba hadi kucha zimetokeza nje zenyewe. Katikati ya vidole kulikuwa na majimaji ya njano, na chini ya wayo ngozi ilikuwa imechubuka ikawa nyekundu, inang'aa. Harufu yake ilikufikia kabla hujainama.

Uani kwetu hapakuwa na mpangaji asiye daktari. Mmoja alileta Dettol. Mwingine akasema mafuta ya taa, maana yaliwahi kumponya mbuzi wa kwao Rufiji. Kuna aliyetaka kumpaka GV, ile dawa ya zambarau, na aliyeshauri tufungue kapsuli ya rangi mbili tumwagie unga wake kwenye kidonda, kama watu wanavyojifanyia wenyewe. Jirani wa chumba cha mwisho, mpole kuliko wote, alikuwa ameshakivunja kidonge cha Panadol nusu, anatafuta dagaa wa kukifichia ili paka asisikie maumivu. Kila mmoja alikuwa na kitu mkononi, na kila mmoja alikuwa na nia njema. Sijui ni nini kilichoniambia nimwombe asubiri kidogo. Nadhani ni kwa sababu petroli nayo ilikuwa nia njema.

Tukamtia Kaniki kwenye tenga la kuku, tukafunga khanga juu, tukapanda bajaji kwenda kliniki ndogo ya wanyama upande wa Temeke. Daktari alikuwa kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kabla hajalifungua tenga aliuliza, "Amemng'ata mtu?" Nilipomweleza habari za yule kijana hakuendelea na paka. Akataka nimpigie simu hapohapo: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, jeraha liwe dogo au kubwa. Kichaa cha mbwa kinaitwa hivyo kwa sababu mbwa ndiye anayekisambaza zaidi, lakini paka naye anakibeba, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Paka wa mitaani asiye na cheti cha chanjo, alisema, unamhesabia upande wa hatari. Kijana alilalamika kwenye simu kwamba ni meno ya paka tu. Alikwenda hatimaye, akachomwa sindano kwa tarehe alizopangiwa, na mkono ambao ulikuwa umeanza kuvimba ukapata dawa yake. Hata ukiweka kichaa pembeni, meno ya paka ni membamba na marefu. Yanaingiza vijidudu ndani kabisa na tundu la juu linajifunga upesi, uchafu unabaki chini.

Ndipo akamtoa Kaniki. Alikagua mguu mmoja mmoja, akabonyeza kila kidole ukucha utokeze, akatazama mzizi wake. Mguu wa nne, uliokuwa haujanasa, aliutazama muda mrefu kuliko ile mitatu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema huo ndio utakaomwambia kama tatizo ni gundi na petroli peke yake. Miguu yote minne ikivimba bila sababu inayoonekana, mambo ni mengine: yupo paka ambaye kinga yake ya mwili inashambulia ngozi yake yenyewe, kucha zote zinaota magamba na usaha, yupo ambaye nyayo zinakuwa laini na kubonyea, na zipo punye zinazotoka kwa paka zikamwingia mtoto wa watu. Hao ukiwaloweka kwa mwaka mzima unapoteza maji. Mguu wa nne wa Kaniki ulikuwa mzima, vidole vimetulia, wayo mweusi na mkavu.

Aliposikia orodha ya dawa za uani alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Panadol, alisema, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia, uso unavimba, na mara nyingi mwenye paka anadhani ni ugonjwa umezidi, anaongeza nusu nyingine. Dettol ina kemikali ya jamii ya fenoli, na hiyo nayo ini la paka haliiwezi. Halafu kuna jambo ambalo sisi wa uani hatukulifikiria hata kidogo: chochote unachompaka paka mguuni, ndani ya dakika chache kitakuwa kwenye ulimi wake. Kwa hiyo petroli aliyooshwa nayo ameshailamba. GV angeilamba. Mafuta ya taa angeyalamba, na akiyatapika yakaingia mapafuni ni kesi nyingine. Unga wa kapsuli unaganda juu ya usaha ukawa kifuniko. Tangu siku hiyo nikiona mtu anataka kumpaka mnyama kitu, swali langu ni moja tu, kama yuko tayari kumlisha kitu hicho kwa kijiko.

Na gundi je, inatolewaje? Kwa mafuta ya kupikia. Unaanza kwa kunyunyizia unga wa ngano au majivu yaliyopoa sehemu ya gundi iliyo wazi ili mnyama asizidi kunasa, kisha unamimina mafuta pale yanapokutana manyoya na kadibodi, unasugua taratibu kwa kidole, unasubiri, unaongeza. Gundi inalainika, inaachia yenyewe. Mwisho unaosha mafuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, unasuuza sana. Chupa ya mafuta ilikuwa jikoni, hatua chache kutoka kwenye ile bodaboda.

Daktari alimchoma sindano, akanipa vidonge vya antibayotiki alivyovipima kwa uzito wa paka, na kazi ya nyumbani: kumloweka miguu mara mbili kwa siku. Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, kilichosawazishwa juu, ndani ya lita moja ya maji yaliyochemshwa. Hiyo inakaribia gramu 9 kwa lita, kiasi kilekile cha dripu ya hospitali, kinachokaribiana na chumvi ya mwili wenyewe, ndiyo maana hakichomi. Ukizidisha ukidhani inaua zaidi, unachoma nyama mbichi. Maji yawe ya uvuguvugu. Ukiyaweka kwenye kifundo cha mkono usihisi moto wala baridi. Dakika tano, kumi akikubali. Baada ya hapo kukausha, na neno hili alilirudia mpaka nikaona ananidharau. Kumbe yeye ameshaona wengi wanaoloweka vizuri kisha wanamwacha paka aende zake na miguu mibichi. Maji yanayobaki katikati ya vidole yanailainisha ngozi mpya na kuwapa vijidudu makazi.

Nilipokuwa nalipa akaniuliza mtaa. Kusikia Kariakoo akasema kwamba kwao Morogoro panya wanasomeshwa. Ni kweli, shirika la APOPO, kwa kushirikiana na chuo chake, linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wa kwetu wamekomea kwenye vitenge.

Ugumu mkubwa ulikuwa bibi mwenye nyumba. Bibi alikuwa mtu wa kukanda. Wazazi wengi wa mtaa ule walipita mikononi mwake: maji yanayotoa mvuke, taulo, tumbo, nyonga, mgongo, mpaka arobaini. Kwake yeye maji ambayo mtu anayavumilia bila kuguna si dawa. Nilipoweka bakuli uani akatia kidole, akanitazama kama aliyeuziwa chai baridi.

"Haya ni maji ya kunawa, mwanangu. Kidonda kinataka kukandwa."

"Shikamoo bibi. Dokta kasema yasiwe ya moto, ngozi imeshaungua na petroli."

"Marahaba. Huyo dokta wako amezaa wangapi?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilipojaribu kumshika Kaniki peke yangu nikashindwa vibaya, maji yakamwagika kwenye viatu vyangu, bibi akaamua kwamba la maji ataniachia mimi, la kushika ni lake. Akatoa khanga iliyochakaa, ya pamba iliyofuliwa mpaka imelainika, akaitandaza mapajani, akamlaza paka juu yake na kumviringisha mpaka ukabaki nje mguu mmoja tu na uso. Hakumkaba. Kiganja kimoja kilikuwa chini ya kifua, kingine nyuma ya shingo, bila kubana, na kidole gumba kikawa kinapita taratibu kati ya masikio. Paka ambaye asubuhi alinichana mkono akafumba macho nusu. Mikono iliyozoea vichanga vya arobaini inajua uzito wa kitu kinachoogopa, na ujuzi huo daktari hakuweza kuniandikia kwenye karatasi.

Tulikwenda mguu mmoja kwa wakati. Bakuli lilikuwa pana na la kina kifupi, ndani nimetandika kitambaa kilichokunjwa ili wayo ukifika chini ukute kitu cha kukanyagia. Paka akiteleza kwenye plastiki anaamini anazama. Maji yalikuwa yanaishia juu kidogo ya vidole. Sikusugua. Nilikuwa nachota kwa kiganja na kuyaacha yashuke juu ya wayo, na baada ya muda magamba yaliyokuwa magumu yakaanza kuinuka pembeni, kisha yakaelea, vipande vidogo vya rangi ya kaki. Chini ya mojawapo lilitoka tone la usaha mzito, likazama, na kidole kilichokuwa kimekakamaa kikajikunja chenyewe. Kuanzia hapo bibi aliacha kulalamikia maji.

Kukausha kulichukua muda kuliko kuloweka. Vipande vya khanga ileile, vilivyofuliwa na kupigwa pasi, kimoja kwa kila mguu, unabonyeza bila kufuta, unaingiza pembe ya kitambaa kati ya kidole na kidole. Vikitumika vinakwenda kuchemshwa. Mchanga wa kwenye beseni lake la choo tuliuondoa, maana ulikuwa unajishindilia kwenye vidonda, tukachanachana magazeti. Kola ya kumzuia kulamba nilikata kwenye boksi, na boksi ndicho kitu pekee ambacho Kariakoo hulipii. Nikazungushia utepe pembeni lisimkwaruze. Alilichukia mno. Aligonga kila mguu wa meza na kila ndoo, akala kwa shida mpaka tukawa tunalivua wakati wa chakula na kumsimamia. Kula kulikuwa na ulazima wake: paka asipokula siku mbili tatu, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na kulifunga, na hapo vidonda vya miguu vinakuwa jambo dogo. Ukimwona amegoma kula, au uvimbe umepanda kutoka vidoleni kwenda kwenye mguu wenyewe, au nyama imekuwa nyeusi na harufu imebadilika, bakuli liweke chini umrudishe kwa daktari.

Kulikuwa na mpangaji aliyenung'unika kwamba mnyama analowekwa mahali watu wanapotilia udhu. Bibi akamweleza habari ya Abu Qatada, sahaba aliyeinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe, na alipoona mke wa mwanawe anashangaa akamwambia aliyoyasikia kwa Mtume, kwamba paka si najisi, ni katika wanaowazunguka watu majumbani. Mpangaji akanyamaza. Usiku huohuo bibi akaniita pembeni akaniagiza nilipake lile bakuli rangi ya kucha kwenye ukingo, lisije likachanganyika na vyombo. Paka si najisi, alisema, lakini usaha ni usaha.

Vidonda vya wayo vilifunga vikaacha ngozi ya waridi, ambayo baadaye ilirudia weusi wake. Ukucha mmoja wa mbele ulidondoka wakati wa kuloweka, ukaelea ndani ya bakuli, nami nikadhani tumeharibu. Daktari alipouona kwenye picha ya simu akasema mzizi ukiwa salama ukucha mwingine utaota. Uliota, umepinda kidogo kwenda upande, na mpaka leo ndio unaonasa kwenye nyuzi za viroba. Alipopata nguvu alichanjwa, akafungwa kizazi, na bibi akagharimia nusu bila kuombwa.

Lililobaki lilikuwa gundi. Nilidhani tajiri ataitupa. Hakuitupa, na sikuweza kumlaumu, maana panya waliokuwa wamepumzika wakati Kaniki amelazwa walikuwa wametoboa majora mawili. Nchi nyingine zimechoka na mitego hii: Wales iliipiga marufuku mwaka 2023, na England ikafuata mwaka 2024 kwa kuwazuia watu wa kawaida kuitumia, kwa hoja kwamba kinachonasa hapo hufa polepole, na si panya peke yake anayenasa. Sisi kwetu inauzwa kwa spika. Tulikubaliana na tajiri kwamba kadibodi zisilazwe tena sakafuni wazi. Kila moja inawekwa ndani ya boksi lililofungwa, lenye tundu pembeni la kupita panya na lisilopitisha kichwa cha paka, na linakaguliwa kila asubuhi ili aliyenasa asikae humo siku nzima. Vijana wa kupakua walionyeshwa chupa ya mafuta ya kupikia inapokaa.

Mwisho wa mwezi nilipofunga hesabu nilikuwa na stakabadhi za kliniki, bajaji, vidonge na dagaa. Nikazipeleka kwa tajiri, nikitegemea aniambie nizikate kwenye mshahara wangu kwa kuwa mimi ndiye niliyempakia paka kwenye bajaji. Alizisoma moja moja, akaguna kwenye ile ya dagaa.

"Niziingize fungu gani, bosi?"

"Kwani yule anafanya kazi gani hapa?" akaniuliza. "Andika ulinzi."

Nikaziandika hapo, chini ya mshahara wa mzee wa getini.